Kilobaiti Kumi na Sita

Jumatatu, 6 Oktoba

Vumbi tena. Nimepangusa kompyuta, nimepangusa runinga ya kichogo, nimepangusa redio ya kaseti. Kufika saa nne vumbi limerudi kana kwamba halikuambiwa kitu. Voi mwezi wa kumi ni hivyo. Upepo hauna adabu.

Kompyuta imewaka. Huwa naiwasha kila Jumatatu ili isisahau kazi. Ni ile ile niliyofundishia BASIC, lugha ya kuandikia programu, kabla sijastaafu, kibodi na ubongo ndani ya sanduku moja, kioo chake ni runinga. Shule ilitaka kuitupa. Nikaiokoa, nikaileta hapa maktaba ya mtaa, ambako mimi ndiye mlezi wa chumba cha nyuma. Bila mshahara, na siku nyingi bila asante.

Tarehe ishirini, Sikukuu ya Mashujaa, chumba kinafunguliwa kwa watu wote. Nataka watoto wacheze mchezo wa Mghoi. Mghoi ni mtoto wa Kasigau, nilimfundisha. Akiwa kidato cha tatu aliandika mchezo wa ndovu: wanatoka mbugani kuvamia mahindi, na wewe unapiga debe kuwarudisha. Kaseti yake ninayo. Tatizo ni kwamba mchezo ni mkubwa kuliko kompyuta. Unataka memori ya nyongeza, na ile ya shule ilikufa zamani.

Mghoi sasa yuko Amerika. Ametafuta nyingine huko, ameituma. Dada yake anaileta wiki hii. Nina furaha ya kitoto na sioni haya.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imefika! Kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kilobaiti kumi na sita. Picha moja ya simu haiwezi kuingiza humo hata ukucha. Lakini kwa ile mashine yetu ni shamba jipya zima.

Upande wa nyuma kuna swichi ndogo nne zimepangwa mstari. Maandishi yake yamefutika kwa uzee. Zote zilikuwa zimezimwa, nikaziwasha moja moja kwa ncha ya kalamu, kwa heshima zote. Mwenyekiti wa maktaba ameniruhusu nije nayo nyumbani niisafishe shaba ya pale inapochomekwa, imeota ukijani. Wakesho, mke wangu, ameitazama akaniuliza kama ni dawa ya mbu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya.

Nimeichomeka mbele ya Bwana Mwanyumba, mwenyekiti wa kamati ya maktaba. Alikuwa karani wa reli, mpaka leo anataka kila kitu kipigwe muhuri. Kompyuta ikiamka huandika kwenye kioo baiti ngapi ziko huru. Imeandika idadi ile ile ya siku zote. Hakuna kilichoongezeka.

Mwanyumba akachomoa kisanduku, akakipima kiganjani kama anayenunua nyama. "Mwalimu, hii kitu ni nyepesi sana. Iko kitu ndani kweli?" Kisha akauliza ilikuwa kwangu tangu lini.

Tangu lini! Tangu Alhamisi, na ruhusa alinipa yeye kwa mdomo wake. Nilielewa anakokwenda. Mji mzima unajua natengeneza redio nyumbani. Fundi wa redio kalala na kisanduku cha vipuri, asubuhi kisanduku chepesi. Hesabu imeshafungwa.

Nilipaswa kumjibu palepale. Nimepata majibu mazuri matatu nikiwa njiani, na hayanisaidii tena.

Jumapili, 12 Oktoba

Ameandika kwenye grupu ya maktaba, watu wakitoka kanisani. Nanakili nisije nikaongeza chumvi: "Wapendwa, yeyote aliye na vipuri vya maktaba tunaomba avirudishe kwa amani kabla ya Mashujaa. Mungu awabariki."

Yeyote. Ni nani mwingine huyu yeyote? Mlinzi? Paka wa maktaba? Watu wakaanza kuweka zile alama za mikono ya kuomba, mmoja baada ya mwingine. Wanaomba nini? Nitubu?

Nimefundisha nusu ya watu wa grupu hiyo kujumlisha. Sikuondoka shuleni na chaki mfukoni hata siku moja. Leo ni mwizi, tena mwizi wa kilobaiti kumi na sita. Mtu akitaka kuniita mwizi aniitie kitu cha maana. Lori la mkonge. Behewa. Si hiki kisabuni.

Wakesho yumo kwenye grupu pia. Huwa anasoma tu, haandiki. Aliniletea chai, akaketi. Kisha akauliza taratibu, "Baba Mwakio, lakini hukuviuza?"

Hukuviuza. Baada ya maisha yote haya. Na ile lakini! Mwanyumba aniseme anavyotaka, ni Mwanyumba. Lakini huyu anajua hata ninavyokoroma. Niliacha chai mezani nikatoka nje. Sikula mchana wala jioni.

Jumanne, 14 Oktoba

Sitampigia Mghoi. Nimeamua. Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake imefika ikiwa tupu na mwalimu wake anashukiwa? Siwezi kujitetea kwa mtoto niliyemfundisha. Nitathibitisha mwenyewe.

Ile idadi ya mwanzo si ushahidi. Kompyuta hujihesabu mara moja ikiamka, haraka haraka, kama mwalimu wa zamu anayehesabu darasa akiwa mlangoni. Aliyekaa pembeni haonekani. Dawa ni kuiuliza yenyewe, kwa BASIC, anwani kwa anwani. Nilikuwa nawafundisha hivi: POKE, weka. PEEK, chungulia. Unaweka namba kwenye anwani ya mbali, kule ambako memori ya nyongeza inapaswa kuwa. Kisha unachungulia. Ukiikuta namba yako, pana memori. Usipoikuta, pana hewa tu.

Nimeandika programu fupi. Niliweka 77. Nikachungulia. 77!

Nimepiga meza mpaka kalamu zikaruka. Nimepiga picha ya kioo, nimeituma kwenye grupu na maneno haya: "Memori ipo. Aliyenikosea anajua ninapokaa."

Nimekula vizuri. Wakesho alitabasamu kidogo. Nimemwonyesha kwamba bado nimemkasirikia.

Jumatano, 15 Oktoba

Aibu. Aibu tupu.

Mwanyumba alikuja maktaba na wanakamati wawili, wakaketi mstari wa mbele. Nikaweka kaseti. Redio ikapiga zile kelele zake za filimbi na mchanga, tukasubiri, nikawaeleza jinsi mchezo unavyoingia kidogo kidogo. Ulipofika mwisho kioo kikaandika OUT OF MEMORY.

Mwanyumba alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma hukumu. "Hata mashine imekubali, mwalimu." Wakaondoka. Mmoja wao aliniaga kwa kunishika bega, kama watu wanavyoshika bega la mfiwa. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikabaki na mashine. Nikaandika upya jaribio la jana, nikaliendesha, likasema ipo. Nikaomba linionyeshe mistari yangu. Ndani ya mstari wa kumi kulikuwa na herufi ambayo sikuiandika. M. Nikaifuta, nikajaribu tena, M ikarudi palepale.

Sabini na saba, kwa hesabu ya kompyuta, ndiyo herufi M. Namba niliyoituma mbali ilikuwa imeangukia ndani ya programu yangu mwenyewe, hapa karibu. M ya mwizi. Hata mashine inanitania.

Mtu yeyote aliyewahi kununua shamba Voi ataelewa. Ploti moja, namba mbili. Unaonyeshwa namba ya kwanza, unaonyeshwa namba ya pili, unafikiri una ploti mbili, kumbe ni udongo ule ule. Mashine hii ikikosa memori ya mbali haisemi haina. Inakurudisha kimya kimya kwenye memori ya karibu na kukuonyesha namba yako. Jana sikuthibitisha kitu. Nilijiuliza nikajijibu.

Jaribio la haki ni hili: weka 77 mbali, weka 12 karibu, kisha chungulia mbali. Ikiwa ni ploti mbili, kule mbali utakuta 77. Ikiwa ni moja, utakuta 12.

Nimekuta 12. Nikarudia, 12. Nikabadilisha anwani, 12.

Memori haipo. Nimetunga jaribio safi lisilo na hila, na kitu cha kwanza lilichokihukumu ni jina langu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo nimemshuku kila mtu. Dada yake Mghoi. Watu wa forodha. Mwanyumba mwenyewe, ingawa hawezi kutofautisha kipuri na njugu. Nimemshuku hata Mghoi, kwa dakika moja, kisha nikajichukia.

Mwanyumba ametuma ujumbe anataka ufunguo wa chumba cha nyuma. Hapati.

Wakesho amesema nimpigie Mghoi simu. Nimemwambia asiniingilie. Akasema hili si jambo la mashine, ni kiburi. Nikamjibu kwamba aliyeniuliza kama nimeuza hana haki ya kunishauri. Amefunga kanga yake, ameenda Maungu kwa dada yake. Kesho atarudi, amesema.

Nimepika ugali mwenyewe. Umeungua chini na haukuiva juu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mghoi amepiga simu. Kumbe Wakesho alimpigia kutoka Maungu akamweleza yote. Nilianza kukasirika, lakini Mghoi hakunipa nafasi. Alitaka picha ya kisanduku, mbele na nyuma. Nikaituma.

Simu ikalia tena. "Mwalimu, switch zote ziko off."

Nikamwambia hapana, ziko on, niliziwasha mwenyewe siku ya kwanza, zote zimeshuka vizuri. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, huku kuwasha ni kwenda juu! Hata mimi nilipofika nilikaa gizani wiki ya kwanza!"

Nimesimama mbele ya swichi ya taa ukutani kwangu. Chini, taa. Juu, giza. Nimeibonyeza mara nyingi kama mtu aliyechanganyikiwa. Ndivyo ilivyo nyumbani, kanisani, hospitalini, shuleni, kila ukuta niliowahi kuugusa nchi hii. Hakuna mtu wa hapa ambaye angetazama swichi zilizoelekea juu akasema zinawaka.

Kisanduku kilifika kikiwa kinafanya kazi. Niliyekizima ni mimi. Kwa ncha ya kalamu, kwa heshima zote.

Nilimwuliza Mghoi kama aliposikia alinifikiria vibaya. Hakuelewa swali. Ilibidi nilieleze. Akasema, "Wewe? Na si ungeniuliza tu, mwalimu?" Nimeona haya kuliko Jumatano.

Wakesho amerudi saa kumi na mfuko wa maharagwe. Nimemwambia kuhusu swichi. Ameweka mkono mdomoni, najua alikuwa anacheka. Hakusema samahani, nami sikumwambia asante ya ile simu. Tuko sare, na sipendi sare.

Jumamosi, 18 Oktoba

Asubuhi nimeenda maktaba peke yangu. Nimezima mashine, nimepandisha swichi zote nne juu, nimewasha. Idadi ya mwanzo ikapanda! Jaribio la ploti mbili: 77 mbali, 12 karibu, chungulia mbali. 77. Ipo. Ipo kweli. Kidogo nitoe machozi.

Nimerudi nyumbani mbio kumwambia Wakesho kwamba nataka kutuma picha. Alikuwa anafua. Akasema bila kuinua macho, "Watasema umerudisha."

Nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni kweli. Amesema kweli kabisa. Jumatano memori haikuwepo mbele ya mashahidi. Jumamosi ipo, na aliyekuwa chumbani peke yake ni mimi. Yaani nikithibitisha kwamba ipo, nimethibitisha kwamba niliichukua nikaogopa. Ujumbe wa Mwanyumba ulisema virudishwe kwa amani kabla ya Mashujaa. Leo ni kabla ya Mashujaa! Nimetii kila neno!

Sijawahi kuona haki iliyogeuzwa nje ndani namna hii. Ikikosekana mimi mwizi, ikionekana mimi mwizi mwenye haya.

Nimerudi maktaba mchana huo huo. Nimeshusha swichi zote. Ibaki hivyo mpaka wote watazame.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mashujaa. Joto kali. Chumba kimejaa mpaka dirishani, wazazi, watoto, kamati nzima. Wakesho alisimama nyuma karibu na mlango.

Sikutoa hotuba. Niliwaeleza jaribio la ploti mbili, watu wazima wakacheka, kila mmoja ana jirani ambaye yamemkuta. Nikaliendesha. Haipo. Wote wakaona. Mwanyumba akaitikia kwa kichwa.

Nikazima mashine. Nikampa Mwanyumba kalamu yangu, nikamwambia apandishe zile swichi nne kwa mkono wake. Alisita, akaniuliza, "Nizizime?" Nikamjibu nilikuwa nangojea aulize hivyo. Akapandisha. Nikawasha. Ipo. Nikamwomba azishushe. Haipo. Azipandishe tena. Ipo.

Nikasema kwa sauti kwamba niliyezizima ni mimi, siku kisanduku kilipofika, kwa sababu nimezaliwa hapa na mkono wangu unajua taa huwaka chini. Kwamba kimetoka kwa watu wanaowasha kwenda juu. Kwamba ndani hakijawahi kupungua hata sindano. Watu walicheka, lakini kicheko cha kwao, si cha kunicheka. Mama mmoja akasema na yeye angefanya vivyo hivyo. Mwanyumba alikuwa ameshika kalamu yangu na hajui aiweke wapi.

Kisha kaseti. Filimbi, mchanga, kungoja. Na ndovu wakaja! Wa kijivu, wa pembe nne kama matofali, wakishuka kuelekea mahindi. Watoto walipiga kibodi kama debe lenyewe. Mghoi alikuwa kwenye simu akitazama, nikamsikia akipiga kelele kuwaambia waangalie upande wa kushoto, huwa wanapitia huko. Nilisahau mambo yote kwa saa nzima.

Jioni nikafungua grupu. Mwanyumba ameandika: "Wapendwa, memory imepatikana. Tunashukuru."

Imepatikana!

Kitu kinachopatikana ni kilichopotea. Mbuzi anapatikana. Pochi inapatikana. Mwizi anapatikana! Mtu huyu amezishika swichi kwa vidole vyake, amewasha na kuzima mbele ya watu, halafu anaandika imepatikana. Asiyekuwepo leo atasoma nini? Atasoma kwamba ilikuwa mahali, kwa mtu, na sasa imerudi. Na mikono imeanza tena, ile mikono ya kuomba, safari hii ya kushukuru. Neno moja tu. Angeandika haikupotea ningemsamehe yote, hata kukipima kisanduku kama nyama.

Nimeandika majibu, nimefuta. Nimeandika makali zaidi, nimefuta. Mshtakiwa akijitetea baada ya kuachiliwa anaonekana ana jambo. Nimeweka simu kifudifudi. Nimechoka kuwa na haki peke yangu.

Jumanne, 21 Oktoba

Nilikuwa namwagilia sukuma simu ilipolia. Grupu.

Ni Wakesho. Tangu aingizwe humo hajawahi kuandika hata amina.

"Bwana Mwenyekiti, haikupatikana, kwa sababu haikupotea. Ilikuwa imezimwa. Aliyeizima ni mume wangu. Aliyeiwasha ni wewe, kwa mkono wako, na mimi niliona. Tafadhali rekebisha."

Nilisoma nikiwa nimesimama, maji yakienda njiani. Nikarudia kusoma. Hakuna aliyeweka mikono. Mwanyumba amesoma, alama imeonyesha, hajajibu. Labda atarekebisha, labda hatarekebisha. Nimeshangaa kwamba sijali sana.

Wakesho alikuwa mlangoni pa jikoni na ungo mapajani, anachambua yale maharagwe ya Maungu. Simu yake iko chini kando ya mguu. Hakuinua kichwa.

Nimefunga mfereji. Nimevuta kigoda, nimeketi karibu naye, nimechukua konzi ya maharagwe. Yalikuwa na mawe mengi. Tumechambua mpaka yakaisha.